Diski ya Harusi ya Mama Kalista

Juzi nilipita kijiji cha Pito nikaona diski za zamani zimetundikwa juu ya ulezi kufukuza ndege, nikashikwa na aibu peke yangu njiani.

Nilipokuwa mtoto, kaka yangu Deo alikuwa na kompyuta nyumbani kwetu, mtaa wa Katandala. Alihamisha filamu za watu kutoka kwenye diski, akazibana ziweze kuingia kwenye simu. Feni ya kompyuta ilivuma mchana kutwa. Mimi niliamini filamu ikishahamishwa, diski hubaki tupu kama ganda la karanga. Basi alasiri moja nilichukua diski iliyokwisha kuhamishwa, nikaitoboa kwa msumari wa moto, moshi wa plastiki ukaniwasha macho, nikaitundika kwenye ulezi wetu nyuma ya nyumba.

Ilikuwa ya harusi ya Mama Kalista, mjane wa Milanzi. Alirudi jioni ileile na simu yenye filamu aliyohamishiwa.

"Picha naiona, mwanangu," alimwambia kaka, "lakini mume wangu anafungua mdomo tu. Sauti iko wapi?"

"Pole, mama. Nitarudia, diski ipo hapa." Kaka akapekua meza yote, kisha akanigeukia. "Umeiona?"

"Sijaiona."

Mama Kalista alinishika kichwa, akasema nisihangaike, akaondoka na picha zake zisizo na sauti.

Sasa najua sauti ilikuwa bado ndani ya diski, mpaka nilipoitoboa. Kaka hajui. Mwezi uliopita, tukinywa chai, alisema tena kwamba hajajisamehe kwa kuipoteza. Nikamwambia asijilaumu, mambo hayo humtokea kila mtu.