Kitambaa cha Kitenge

Jirani amewasha mbabula, jiko lake la makaa, kwa karatasi. Moshi wake umenifanya nifunge riwaya niliyobakiza kurasa kumi tu. Wenzangu hunicheka kwamba simalizi vitabu.

Wakati wa vita mafuta ya taa yalikosekana mjini Bukavu, basi Maman aliwasha makaa kwa kurasa za riwaya ya Papa, baba yangu. "Upasule tu zenye nimeshasoma," Papa alimwambia. Kila asubuhi moto ulikula mwanzo wa kitabu, naye Papa akasoma haraka, alama ya alipofikia ikiwa kitambaa cha kitenge.

Asubuhi moja wanajeshi wawili walibisha langoni. Waliongea kwa upole mno, nami nikaogopa. Papa aliweka kitambaa kwenye ukurasa, akavaa viatu vya kazini. "Niko nakuya sasa hivi. Muniachie kurasa za kuanzia fasi nimefikia." Wakashuka naye kuelekea ziwani.

Maman aliendelea kupasua, ukurasa mmoja kwa siku. Alipofika kwenye kitambaa, alikishika muda mrefu. Kisha akanipa kopo. "Enda kwa maman jirani, uombe moto."

Tuliomba moto mpaka vita vikaisha. Kitabu ninacho bado. Kinaanzia kwenye kitambaa.