Utepe Mweupe na Maji ya Ayeyo Dahabo

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetulea katika nchi ya jua kali na humo humo akatupa watu wapole. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na wote waliofuata njia yake. Baada ya hayo, nawasimulia wenzangu wa rika langu, ambao magoti yameanza kuwauma kama yangu.

Enzi zetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Jumamosi ya Garissa ilikuwa na sehemu mbili. Asubuhi tulikaa chuo cha Kurani na mbao zetu za kuandikia, vidole vyeusi kwa wino wa mkaa. Mchana tulikula anjera, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na baada ya alasiri tukakimbilia uwanja wa shule, magwanda ya buluu juu ya suruali na shungi zimebanwa vizuri kidevuni. Mchanga ulichoma hata kupitia kandambili. Tulikuwa skauti wa kike, na hakuna aliyetuambia hilo ni jambo dogo.

Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Rukia, mwanamke wa Pwani aliyeolewa kwetu. Tulimwita mwalimu ingawa hakuwa na darasa. Alikuwa fundi wa nguo sokoni. Jumamosi jioni, wateja wakiwa ndio wengi, yeye alifunika cherehani yake na kuja kwetu, bila mshahara. Hata skafu zetu alizikata kwenye mabaki ya vitambaa vyake.

Kila kikosi kilikuwa na wasichana sita, kiongozi na msaidizi wake. Kabla ya kuingia ulitoa ahadi: kumcha Mungu, kuitumikia nchi, na kumsaidia mtu kila siku. Nilipomwambia baba, Mungu amrehemu, alisema, "Ukiahidi, Mungu amesikia kabla ya huyo mwalimu wako." Basi mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, niliitamka ahadi ile kama mtu anayekula yamini mbele ya kadhi.

Baadaye nikachaguliwa kiongozi. Nilifungwa utepe mweupe mkono wa kushoto, na kwa wiki nzima nilitembea nikitanguliza bega hilo kama ngamia mwenye jeraha.

Jumamosi moja tulikuwa na ukaguzi, nami nimechelewa. Kwenye bomba la mtaa alikuwa ameketi Ayeyo Dahabo. Ayeyo ni bibi, na huyu alikuwa mjane aliyeishi peke yake mwisho wa mtaa. Mtungi wake ulikuwa umejaa. "Wewe mwenye utepe," aliniita, "nibebee hadi mlangoni."

Nilijifanya sikusikia. Nilipogeuka mbali kidogo, nilimwona akiuviringisha mtungi kwa mguu, mchangani.

Kikosi changu kilishika nafasi ya kwanza, lakini wakati wa makofi mimi nilikuwa nauona mtungi ule ukiviringika mchangani. Chuoni tulikuwa tumesoma kafara ya kuvunja yamini: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Mimi hata paka kumi nisingeweza kuwalisha. Nikafunga Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kimya kimya, katikati ya kiangazi. Jumamosi ile, wakati wa kupandisha bendera, nilimwangukia Fardosa, msaidizi wangu.

"Mwalimu, kiongozi amekufa!" Fardosa alipiga ukelele.

"Sijafa," nilisema. "Nimefunga."

Mwalimu Rukia aliniinamia. "Ramadhani imeingia bila kuniambia?"

Nilimweleza yote. Pembe ya mdomo wake ilicheza, lakini hakucheka. "Wewe bado mtoto, kalamu ya malaika haijaanza kuandika makosa yako. Saumu yako Mungu aipokee. Na mtungi je?"

"Mtungi gani?"

"Wa yule bibi. Siku tatu umekaa na njaa. Yeye amepata tone gani?"

Akaufungua utepe, akautia mkobani mwake. "Atakayesema nikurudishie ni yeye, si mimi."

Kesho yake nilikwenda. Ayeyo Dahabo alinitazama kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. "Masikio yamepona?" Nikabeba mtungi. Nikabeba siku iliyofuata, na iliyofuata, kila nikitoka shule. "Umemwaga," alikuwa akisema. "Ngamia wangu walikuwa na adabu kuliko wewe." Kule uwanjani Mwalimu alimvalisha Fardosa utepe ule, naye hakunihurumia: "Kiongozi wa zamani, nyoosha mstari!"

Wiki zikapita, mvua zikaja zikaondoka. Siku moja nilijikaza. "Ayeyo, utamwambia lini Mwalimu?"

"Nimwambie nini? Akikurudishia kitambaa chako, nani ataniletea maji?"

"Mimi nitakuja."

"Na mwingine kabla yako alisema hivyo hivyo." Akageuza uso akiwafukuza mbuzi ambao hawakuwapo.

Sikumwuliza tena. Niliendelea kubeba, na ule mdomo wangu wa kulalamika nikaufunga.

Jumamosi moja tukiwa mstarini tukamwona anakatiza uwanja na fimbo yake, polepole, akipumzika kila hatua chache. Alimfikia Mwalimu Rukia, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisichoijua herufi p, "Rukia, batia hii mtoto kitambaa yake. Lakini usimwambie amemaliza. Kesho mimi iko na kiu."

Uwanja mzima ulicheka, na Fardosa alinifunga utepe mwenyewe huku akilia. Jumapili nilikwenda kumbebea Ayeyo maji nikiwa na nguo za nyumbani, bila utepe. Niliendelea hivyo hadi nilipomaliza darasa la nane, na kikosi kikapokezana baada yangu mpaka Mungu alipomchukua. Nasema kwa fahari: mlango ule haukukosa maji hata siku moja.

Wasichana ninaowaongoza leo ni hodari kuliko sisi, ingawa wakibeba mtungi mmoja, simu imeshapiga picha kabla maji hayajatulia. Nawatania, nao wananiambia, "Mama, wewe ni wa zamani." Ni kweli. Sasa mabomba yameingia ndani ya nyumba nyingi, alhamdulillahi, na hakuna bibi anayeketi njiani kumwita mtoto wa mtu. Mabibi wako nyuma ya mageti, maji wanayo, na siku nzima hupita bila wao kusikia sauti ya jirani. Hilo enzi zetu hatukulijua.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akubariki katika watoto wako na kazi ya mikono yako, na akujalie uzee wenye mtu wa kukupigia hodi. Amin.