Oveni Inayomtii Mtu Mmoja

Kiwandani walimwita Bisibisi, na katika miaka kumi na tisa hakuna aliyemwuliza jina lake jingine. Shule aliiachia kidato cha pili, akaenda kumshikia mjomba wake taa chini ya mitambo ya watu, na huko chini ndiko alikosomea. Mjomba hakutoa vyeti. Alitoa makofi.

Kazi yake ilikuwa kuilea oveni kubwa ya kiwanda cha mikate. Mwaka wa sita, meneja alimleta mhandisi mwenye shahada mbili ili eti amsaidie. Wiki ile Bisibisi alihamisha nyaya: batani nyekundu ikawa ya kuwasha, ya kijani ikawa ya kuzima, na kipimo kikisoma mia na hamsini, ndani ni mia mbili na ishirini. Mikate ikatoka kama matofali. Siku ya nne mhandisi aliondoka na shahada zake zote. Tangu hapo, kila ukarabati uliongeza uongo mmoja mdogo.

Sasa chuo cha ufundi kilitangaza mtihani wa cheti kwa waliojifunzia kazini: siku tatu, mara moja kwa mwaka. Mwenye cheti hicho angepokewa kiwanda chochote. Bila cheti, hata mlinzi wa geti hakusikilizi.

"Nenda, dada yangu," meneja alisema. "Nani kakukataza? Nitafutie tu wa kukushikia oveni, na uniandikie maelekezo, nikusainie ruhusa."

Bisibisi alimchagua mkandaji wa unga, mtu mzima asiye na papara.

"Kwa hiyo kijani ni kuzima."

"Ndiyo."

"Na hii isiyoandikwa kitu?"

"Hiyo usiiguse."

"Inafanya nini?"

Bisibisi aliinama kuitazama. "Nimesahau. Lakini usiiguse."

"Dada, hii si oveni. Hii ni ndoa."

Aliandika uongo wote, kumi na nne, ukajaza karatasi pande mbili. Jumatatu, kwa furaha ya safari, akaipeleka ofisini bila kufikiri. Meneja aliisoma taratibu, kama mtu anayesoma wosia wa jirani.

"Kumbe ni wewe." Hakukasirika, na hapo ndipo Bisibisi alipoanza kuogopa. "Haya, mtihani mwema. Karatasi niachie."

"Na nikifeli?"

"Si utarudi?" Aliigeuza upande wa pili. "Ila kazi yenyewe itakuwa imeandikwa yote hapa, au siyo?"

Bisibisi alinyoosha mkono, akaichukua. "Kuna mahali nimekosea. Nairekebisha, niilete."

Jumanne saa mbili asubuhi, watahiniwa walipokuwa wakiitwa majina chuoni, yeye alikuwa mbele ya oveni, karatasi ameisokomeza ndani ya kiatu.

"Bado unairekebisha?" mkandaji aliuliza.

"Bado."

Meneja alipita, akamwamkia kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Basi mwakani, dada?"

"Mwakani."

Mikate ilitoka vizuri sana.