Kibuyu cha Regina

Mihayo alikuwa ameshawasha gari mama yake alipomjia dirishani na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ng'wanone, mwanangu, kigingi kile ni kitupu."

Hakuuliza kigingi gani. Nyumbani kwao kilikuwepo kimoja tu cha kuangaliwa, kile cha juu ya kitanda, ambapo kibuyu cha maziwa cha mtoto kilining'inia tangu siku alipozaliwa. Kwa ukoo wao, tangu huko Maswa walikotoka na ng'ombe wao, baba ndiye hukitundika kibuyu, na aliyekitundika ndiye hukitungua mtoto akishakua. Mtoto akisafiri, kibuyu hubaki kikimngoja. Mwanamke akikitungua mwenyewe na kuondoka nacho, hana haja ya kuaga. Watu wamekwisha kujua kwamba harudi.

"Labda amekiosha," alisema Mihayo.

"Labda." Mama Mbuke alimtazama mkwewe, Evarista, aliyekuwa akipanda upande wa pili, mtoto mgongoni. "Safari njema, mwalimu. Utusalimie huko kwenye baridi yenu."

Alimwita mwalimu kwa heshima, na kwa kumchokoza pia. Evarista alikuwa amekuja bonde la Usangu kufundisha kisomo cha watu wazima. Mihayo, mchunga ng'ombe aliyekuwa hajawahi kushika kalamu, aliketi mstari wa nyuma akajifunza kuandika jina lake, kisha akajifunza kuandika la mwalimu. Mzee Bartholomeo, baba yake Evarista, aliwapokea ng'ombe wa mahari nyumbani kwao Igowole, huko milimani kwenye baridi, lakini alisema mbele ya wote, "Kijana simkatai. Nalikataa joto lenu na mbu wenu." Walicheka. Miaka miwili baadaye mtoto wao wa kwanza, Yohane, alishikwa na homa mwezi wa tatu, maji yakiwa yameizunguka nyumba na njia ya kwenda zahanati haionekani. Alizikwa akiwa na miezi kumi na tisa. Regina, huyu wa mgongoni, sasa alikuwa na kumi na minane.

Ndiyo maana Mihayo aliendesha Landrova aliyoiazima kwa kaka yake, Masunga, kama mtu aliyebeba mayai. Waliikuta barabara kuu, lami yake mpya ikiteleza chini ya magari makubwa ya Zambia, na kila lori lililopita alishtuka. Jicho lake moja lilikuwa njiani, jingine kwenye kikapu miguuni pa mkewe. Pembeni mwa kikapu, chini ya kanga iliyokunjwa, ilichomoza shingo ya kibuyu.

Alijiambia: atauliza wakifika Igawa. Wakapita Igawa. Atauliza Halali. Huko Regina aliamka akalia, "Ziwa! Ziwa!" na Evarista akamnywesha maziwa kwa kikombe cha plastiki. Kibuyu hakukigusa. Basi hakukichukua kwa ajili ya njaa ya njiani, aliwaza Mihayo.

Barabara ilianza kupanda. Hewa ikabadilika, ikawa nyembamba, yenye harufu ya majani mabichi. Walipofika Makambako Mihayo alisimama, akachukua blanketi kutoka nyuma, akamfunika mtoto. Mbele kidogo akasimama tena, akaongeza la pili. Kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa amekwisha kumpaka samli kifuani na mgongoni, kama ndama aliyezaliwa wakati wa mvua.

"Baridi haijamuua mtoto kwetu," alisema Evarista.

"Mimi siijui baridi yenu."

"Na mimi siwajui mbu wenu? Nimewajua."

Karibu na njia panda ya Nyololo, Mihayo alinyoosha mkono kumgusa mtoto shavuni. Shavu lilikuwa moto. Paji la uso lilikuwa moto. Macho ya mtoto yalikuwa mazito, nusu yamefumba, kama ya Yohane siku ile.

Alikanyaga breki, gari likaserereka hadi kwenye majani. "Anachemka! Evarista, mtoto anachemka!"

Evarista alimnyakua. Vidole vyake vilifanya kazi haraka: blanketi la kwanza, la pili, sweta, kitambaa cha kichwani. Akamkuta mtoto amelowa samli na jasho hata kitovuni. Akamwinua juu kwenye upepo. Regina alipiga chafya, akafumbua macho, akamshika mama yake pua.

"Umemfunga kama mzigo wa pamba," alisema Evarista. "Mtoto hana homa. Umemkaanga, Mihayo."

Alitaka kucheka, kicheko kikageuka kilio. Mihayo aliketi kwenye majani kando ya barabara. Lori lilipita likipiga honi. Swali lilimtoka Mihayo lenyewe.

"Kibuyu umekitungua wewe?"

"Mimi."

"Unajua maana yake?"

"Mama yako alinifundisha siku niliyoingia nyumbani kwake. Mimi ni mwalimu, sisahau somo." Alimfuta mtoto mgongo kwa pindo la kanga. "Sijaamua kitu. Lakini mwezi ujao maji yanajaa. Nilikitazama pale ukutani nikaona siwezi kuzika tena. Nikakibeba ili nikishindwa kurudi, nisiwe na cha kufuata huko."

Mihayo aliitazama barabara waliyotoka. Kugeuza gari lilikuwa jambo dogo, na mkewe asingepigana naye. Akawaza hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akawasha gari, akakata kona kuelekea Igowole.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai. Mama mkwe, Mama Rozalia, alitoka jikoni akijifuta mikono, akawasalimu. "Kamwene! Jamani, mjukuu wangu ananukia kama chapati!" Mihayo aliinamisha uso kwa heshima ya mkwe, akaitikia akitazama ardhi. Hakuingia sebuleni. Alimwendea Mzee Bartholomeo uani.

"Baba, naomba msumari na nyundo."

"Gari limeharibika?"

"Hapana, baba. Ni kazi ya ukutani."

Akaelekezwa chumba cha wageni. Alipigilia msumari juu ya kitanda, akatoa kibuyu kikapuni, akakitundika. Kiligonga ukuta mara mbili. Evarista alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Nani atakitungua?" aliuliza.

"Aliyekitundika. Maji yakishuka, mwezi wa tano."

Evarista alimsogeza mtoto karibu na ukuta ili akiguse.

Kesho yake Mihayo aliteremka Usangu peke yake. Mama Mbuke alimngoja mlangoni, akatazama ndani ya gari, akatazama kigingi.

"Kiko wapi?"

"Kimetundikwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mama Mbuke alichukua ndoo ya kukamulia. Wiki iliyofuata mvua ilifunga njia. Jioni mbu walikuja, wengi, wakiimba juu ya kitanda, na Mihayo aliwaacha wamuume yeye, akihesabu miezi kwa vidole, akianza upya kila alipofika wa tano.