Kioo cha Elfu Kumi na Nane

Laki moja na elfu sabini na tano. Nimehesabu mara mbili: kioo cha simu elfu kumi na nane, gari ya kukodi kwenda Ilagala na kurudi elfu sabini, sukari na kanga za kwenda nazo ukweni elfu arobaini na mbili, halafu kioo kingine elfu arobaini na tano. Jumla inakuja ileile. Kilichobaki nje ya hesabu ni mke wa mdogo wangu, na huyo sijui nimuweke mstari gani. Naona aibu kuandika haya, lakini mtaa wetu mzima wa Katubuka wanayo tayari, tena wanayasimulia kwa kuongeza, kwa hiyo bora niyaseme mwenyewe kwa kipimo sahihi.

Mimi ni mnunuzi wa dagaa. Nanunua mwaloni, boti zinaposhusha samaki, naanika, nauza sokoni Gungu, na wanaonifahamu wananiita Nusu, kwa sababu ukinitajia bei ya kitu chochote, hata sanda (Mungu anisamehe, ilitokea mara moja), mdomo wangu unataja nusu yake kabla kichwa hakijafikiri. Basi siku hiyo simu ikaniponyoka nikiwa napima dagaa, kioo kikapasuka kona hadi kona, nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Gungu, dada mpole asiye na maneno mengi.

"Orijino elfu arobaini na tano, kaka. Kopi ishirini na tano."

"Kopi kumi na mbili."

Tukavutana mpaka chai yake ikapoa, tukakutana kwenye kumi na nane. Alipomaliza kufunga akanishikisha simu lakini hakuiachia. "Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Hii ikipata joto au jasho, inajibonyeza yenyewe."

"Si itakuwa inanipunguzia kazi?" nikamjibu, na wateja waliokuwa pale wakacheka. Napenda sana watu wakicheka kwa maneno yangu. Likumbukeni hilo, litarudi.

Na kweli ikajibonyeza. Wiki ya kwanza ilituma kikatuni kinachocheka hadi kulia machozi kwenye kundi la msiba wa jirani. Ikampigia mwenye nyumba wangu mara tatu kwa siku moja, mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namkwepa. Ikawa inajiandikia namba ya siri, inakosea, inajifunga, nakaa nusu saa naisubiri kama mgonjwa aliyeko wodini, mpaka nikaamua kuiondoa kabisa hiyo namba ya siri, iwe wazi tu. Kubadilisha kioo? Nitoe arobaini na tano wakati kumi na nane nimeshaitoa? Nikasema hapana, nitaizoea.

Sasa hapo ndipo anapoingia Juma, mdogo wangu wa tumbo moja. Juma ni fundi wa mashine za boti, ana miaka thelathini na tisa, na kwa miaka mitatu alikuwa anadunduliza amuoe Zuhura wa Ilagala, muuza mawese mwenye mtoto mmoja, mwanamke mtulivu ambaye Juma akilitaja jina lake anashusha sauti. Akaniomba niwe mshenga. "Kaka, mwenye mdomo ni wewe." Akanikabidhi bahasha yenye milioni moja na laki nane, nikahesabu mara mbili mbele yake, akasema, "Wakitaja kiasi kilichomo humo, lipa. Tusiwachoshe watu."

Nikamwambia sawa.

Tulikwenda watatu: mimi, Juma, na Shangazi Mwamini, dada yake marehemu baba yetu. Njiani nilikuwa naelekezwa kwa simu na Mzee Kassimu, baba mdogo wa Zuhura, ambaye ndiye anayesimama mahali pa baba yake aliyefariki. Mzee wa watu akawa anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya ziwa. "Uniwie radhi mshenga! Simu yangu haisikiki sikioni, naongelea laudispika tu! Kwa hiyo usinitajie siri, nyumba nzima inasikia!" Tukacheka wote, yeye huko na sisi ndani ya gari.

Tukapokewa vizuri. Salamu za kwetu, mwakeye, mwakeye, mikeka mipya, soda zimefunguliwa. Juma akabaki nje chini ya mchikichi, kwa kuwa mwoaji haingii kwenye mazungumzo, mimi na Shangazi tukaingia. Mzee Kassimu akataja yao bila kuzunguka: mahari milioni moja na laki mbili, mkaja wa mama laki mbili, blanketi la bibi na mengine yote kwa pamoja laki mbili. Nikajumlisha kichwani. Milioni moja na laki sita. Nikajumlisha tena. Kwenye bahasha ilikuwa inabaki chenji laki mbili.

Mtu mwenye akili zake angefungua bahasha. Mimi nikakohoa, nikasema, "Wazee wetu, tunaomba nafasi tutoke nje kidogo tukashauriane."

Nje jua lilikuwa linachoma, shati langu jipya la kitenge limeshanigandia kifuani, na simu iko mfuko wa kifuani. Juma akasimama kabla hatujamfikia.

"Wamesemaje?"

"Milioni moja na laki sita."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Si tunayo, kaka! Lipa."

"Wewe tulia. Hawa nawashusha mpaka laki tisa."

"Mwanangu," Shangazi akasema, "mtoto wa watu huyo."

"Shangazi, kila kitu kina bei ya kuanzia. Zuhura ana miaka thelathini na mitano na mtoto mmoja. Dagaa waliolala mwaloni siku mbili huwezi kuwauza bei ya asubuhi, na wenyewe wanajua. Sisi tukijifanya tunaelekea kwenye gari, huyo mzee atatukimbilia kandambili mkononi."

Juma akacheka. Tangu asubuhi alikuwa hajala kitu, na nadhani kicheko kile kilikuwa ni hofu tu iliyopata mlango wa kutokea, lakini kilitoka kikubwa. "Kaka wewe!" akasema.

Tuliporudi ndani, soda zetu zilikuwa palepale, na hakuna aliyetukaribisha kukaa. Mzee Kassimu akauliza, "Mmefikia wapi?"

Nikaweka uso wa huzuni (ninao, nautumia mwaloni), nikateremsha sauti. "Wazee wetu, tumejikuna mpaka tunapofikia..."

"...mpaka tunapofikia," ikasema stuli iliyokuwa mbele ya Mzee Kassimu.

Nikanyamaza, stuli nayo ikanyamaza. Juu yake palikuwa na simu ya Mzee Kassimu, imelazwa kifudifudi. Mtu mwingine angeshaelewa, ila bei ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Laki tisa."

"Laki tisa," ikasema stuli, halafu ikapiga mluzi mkali ulioingia mpaka kwenye meno.

Mzee Kassimu akaigeuza simu, akaninyooshea. Imeandikwa Mshenga wa Juma, na chini yake dakika kumi na moja, sekunde zinakimbia. Namba ya mwisho niliyopiga ilikuwa yake. "Ilipolia nikadhani mna swali," akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Nikaita haloo, haloo. Hamkunisikia. Mlikuwa mnacheka."

Nikachomoa yangu mfukoni, ya moto, imelowa jasho. Nikabonyeza kitufe chekundu. Haikukata. Nikaifuta kwa shati, nikabonyeza tena, mara tano, mara sita, mbele ya mkeka mzima. Kioo kilichokuwa kinajibonyeza usiku na mchana bila kuombwa, saa hiyo kikagoma kubonyezwa. Mzee Kassimu akasema, "Ngoja nikusaidie," akaikata yeye.

Pazia la chumbani likafunguka. Zuhura akatoka amejifunga kanga vizuri, mikono ameikutanisha mbele.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Mimi ni wa siku ya ngapi?"

Niliyezoea kujibu kila bei nikaanza kuifuta simu tena kwa shati. Akasubiri kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Wewe sikujui, kwa hiyo maneno yako nitayasahau. Ila nimemsikia Juma anacheka." Akarudi ndani, na pazia akalinyoosha vizuri.

Hapo nikafanya kitu ambacho kinanichoma kuliko simu. Nikatoa bahasha, nikamwaga fedha yote mkekani. "Chukueni yote, wazee wangu. Milioni moja na laki nane. Yote!" Mara ya kwanza maishani nimepanda juu ya bei niliyotajiwa. Mzee Kassimu akazisogeza kwangu kwa kiganja. "Rudisha, mshenga. Na hesabu kabla hujatoka, isije ikasemwa imepungua kwetu."

Nami nikahesabu. Nimepiga magoti, Shangazi analia, mikono yangu ikahesabu mpaka mwisho. Halafu ikaanza tena.

Juma alikaa kiti cha mbele njia nzima. Tulipokuwa tunaingia Katubuka ndipo akasema, bila kugeuka, "Hela ilikuwa inatosha." Nikampa bahasha, hakuifungua. Huu ni mwezi wa nne na hajanisemesha. Kama kuna jambo la ukoo linapitia kwa Shangazi.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule fundi. Akasema arobaini na tano, nikatoa arobaini na tano. Akaniangalia. "Unaumwa, kaka?" Ushenga nimeacha, hata wakinibembeleza, na penye mazungumzo ya watu simu yangu haitaingia tena, itabaki nyumbani ndani ya debe la dagaa. Kioo kipya ni kizuri, hakijibonyezi hata kidogo, na ndiyo shida yangu mpya. Namba ya Zuhura ninayo, Juma alinipa kabla ya safari. Ile kopi ingeshampigia zamani. Hii inanisubiri mimi, na kidole changu kinafika juu ya jina lake kinarudi.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, naomba ushauri, na msinionee haya. Nipige, au nipande gari niende mwenyewe Ilagala? Na nikifika, natamka nini? Maneno ya kuomba radhi nimeshayaandika kwenye karatasi mara mbili, na mara zote mbili, nikiyasoma, nakuta nimeanzia chini, nimekiri nusu ya kosa.