Nauli ya Namtumbo

Hakuna jambo la dunia linaloweza kunishangaza, mwanangu. Niliishia darasa la nne, lakini biashara ya mitumba iliporuhusiwa, mstari wetu wote sokoni Songea mimi ndiye wa kwanza kufungua robota langu mwenyewe. Nalipapasa kwa nje tu, nakwambia ndani kuna makoti mangapi. Leo nina nyumba ya bati na mashine mbili za kusaga. Sikurithi hata jembe.

Basi kuna asubuhi moja haijanitoka. Nilikuwa nafungua robota na Konsolata, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliyekuwa akiniuzia nguo kibandani. Ile harufu ya dawa ya nguo ilipotoka, akakimbia nje kutapika. Siku ya tatu hiyo. Wateja wakatazamana.

"Mimba ya nani?" nikamwuliza, mbele za watu.

Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Unadhani umenishangaza? Mtaje, nikaipeleke kwao wanilipe faini yangu."

Kwetu mimba hupelekwa kwa mwanaume, wazee wakakaa, faini ikatajwa. Baba alishafariki, kwa hiyo faini ilikuwa yangu. Kichwani nilishainunulia robota la pili.

Jioni akaja nyumbani, akapiga magoti. "Kaka, nimechanganyikiwa. Wenzangu wananiambia niende kwa yule mama wa mizizi nikaitoe. Naogopa. Nipe nauli niende kwa shangazi kule Namtumbo, nikatulie huko kwanza."

"Jina kwanza, nauli baadaye."

"Kaka, huyo mtu ana mke."

"Basi na ng'ombe anao. Mtaje!"

Hakutaja. Akaondoka. Mimi nikala ugali wangu, na nilishiba, nisikudanganye.

Jumamosi wakaja kuniita. Nilimkuta hospitali ameishiwa damu, midomo imekuwa kama unga.

"Kaka, kibanda umemwachia nani?"

Hakuniambia neno jingine tena.

Shangazi alifika siku ya pili kwa basi. Alipokuwa akikunja vitu vya marehemu, ndani ya kitenge akakuta sweta ya mtoto mchanga, ya manjano, imetoka kwenye robota langu. Imefuliwa. Akanishikisha mkononi.

"Ulishindwa kumleta kwangu, baba? Chumba ninacho."

Hakunitukana, hakupaza sauti. Nilishangaa, mwanangu. Mimi.

Sasa nisikilize. Binti akikujia na habari hiyo, awe dada yako, awe mfanyakazi wako, usianze na jina la mtu. Mkalishe, mpe chai, mwulize anaogopa nini na anataka nini, halafu funga mdomo mpaka amalize. Nenda naye kliniki wewe mwenyewe, ukae naye pale kwenye benchi, wanaotazama watazame. Mwanaume mtamtafuta baadaye, wala Ruvuma si kubwa kiasi hicho. Na usimwite mhuni. Mpaka afikirie mizizi, ujue ameshagonga kwetu sisi wa nyumbani na hatukufungua.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu wako akiwa na hofu anakimbilia kwako, asikukimbie. Akujalie masikio ambayo mimi sikuwa nayo.

Nauli aliyoniomba ilikuwa shilingi mia tano. Jeneza nilichagua la mninga, watu waone. Elfu kumi na nane na mia tano.