Maji ya Falaji na Wagombea wa Amerika

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la sita tu, kisha nikatiwa ndani kungoja mume, na Kiarabu changu cha kuandika nimekipata ukubwani, hapa hapa Omani. Basi nikiandika habari za wagombea urais wa Amerika, mtu ana haki ya kuniuliza yanihusu nini. Sina jawabu zuri. Najua tu kwamba mwaka ule walipokuwa wakipigania tikiti ya chama chao, nami nilikuwa nikipigania miche ya mitende, mambo mawili haya yaliingia nyumbani kwangu kwa mlango mmoja, na mpaka leo siwezi kulitaja moja bila ya jingine.

Mlango huo ni kaka yangu. Alifanya kazi serikalini miaka mingi, akastaafu, akarudi kijijini kwetu hapa Manah, kwenye shamba la babu. Ni mtu wa Unguja mpaka kwenye ncha za vidole: asubuhi lazima ale mkate wa kumimina, na mdogo asipomwamkia shikamoo humtazama mpaka mtoto akumbuke mwenyewe. Kiingereza chake ni cha skuli za zamani. Kila alasiri hukaa barazani kwangu, simu ameiegemeza kwenye dalla, birika la kahawa, akimsikiliza mzee mmoja wa Kimarekani, mhafidhina, anayewachambua wagombea mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele.

Na mume wangu naye yupo. Yeye kwao ni Bujumbura, ana duka la vifaa vya umeme Nizwa, akirudi hufikia kwenye kahawa hiyo hiyo. Naye ni mhafidhina, tena pengine kumshinda kaka. Wote wawili wanataka dini iheshimiwe, familia ikae pamoja, na serikali isimnyonye mfanyabiashara. Mwanzoni nilidhani wanagombana kwa sababu mmoja yuko upande huu na mwengine upande ule. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wako upande mmoja, na hata hao wagombea wanaowagombania ni wa chama kimoja. Nikauliza, kwani watu wa chama kimoja wanatukanana vipi hivi mbele ya watu? Kaka akanambia nifikirie ukoo unaotaka kwenda kuposa. Kwanza wenyewe kwa wenyewe wakubaliane nani atasema, na hapo ndipo siri zote za nyumba zinapotoka. Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Ugomvi wao haukuwa juu ya nini kifanywe. Ulikuwa juu ya nani akifanye, na kwa ruhusa ya nani. Mume wangu alimpenda mgombea mmoja aliyekuwa akiahidi kwamba siku ya kwanza tu atakaa kwenye meza, atachukua kalamu, na mambo yatakwisha. Alisema nchi ni kama duka: ukingoja kila mshirika atoe rai, mteja ameshahamia duka la pili. Kaka alimpenda mwengine, gavana mmoja mpole, asiye na maneno ya kuchekesha, ambaye kila akiulizwa atafanya nini alijibu kwanza kwa kusema lipi halimo katika uwezo wa rais. Mume wangu akimwita Bwana Siwezi. "Shemeji, leo Bwana Siwezi wako kasemaje?" Na kaka humjibu kwamba kalamu unayoishangilia leo, kesho itakuwa mkononi mwa adui yako, na wino utakuwa ule ule.

Niseme haki: nilikuwa nikimsikiliza mume wangu zaidi. Maneno yake yalikuwa karibu na maisha ninayoyajua. Yaya akiungua mkono jikoni huitishi kikao.

Sasa nije kwenye falaji. Huo ndio mfereji wetu wa kale, unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani, na kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji aliyoirithi. Zamu ikipita hairudi mpaka baada ya wiki mbili. Msimamizi wake huitwa wakil. Mwaka ule wakil wa zamani alikuwa kazeeka, na wenye maji wakamchagua kaka. Halikuwa jambo dogo. Sisi tuliorudi kutoka Zinjibari, hata uwe na kaburi la babu yako pale na hati za zamani, bado kuna wanaokuona mgeni. Mzee mmoja, jirani yetu wa shamba, alisema mbele ya watu kwenye sabla, chumba cha mikutano cha kijiji, kwamba haoni vipi mtu aliyejifunza kuoga kwenye bahari atawagawia wao maji ya mlima. Watu walicheka. Kaka naye alicheka, lakini nilimwona usiku ule hakula vizuri.

Mimi nilikuwa na shamba dogo alilonirithisha mama, aliyetangulia kurudi hapa kabla yetu sote. Mtende wake mmoja mkongwe, wa tende za khalas ya asli, ulikuwa umetoa watoto shinani. Baada ya mama kufariki niliogopa kuugusa. Mwisho, mwezi wa tatu, jua halijawa kali, nikatafuta fundi akatenganisha wale watoto na mama yao, tukaipanda miche ile mstari mmoja kando ya ukuta. Mche uliotoka kutenganishwa ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa, hauna akiba. Na ule mtende mkongwe, fundi aliniambia waziwazi, hautatoa tena watoto. Kama miche hii ikifa, khalas ya mama imekwisha.

Zamu yangu ilikuwa Jumapili asubuhi. Usiku wa Jumamosi ilinyesha mvua milimani, wadi, mto mkavu wa bondeni, ikashuka na mawe na matope, ikaukaba mfereji juu ya kijiji. Asubuhi nilikwenda na jembe langu, nikafungua mlango wa maji, hakikutoka kitu ila chura mmoja. Waliuzibua mfereji Jumatatu. Lakini zamu yangu ilikuwa imeshapita, na ada ya hapa ni hiyo: iliyopotea imepotea. Gari la maji haliwezi kuingia kwenye vichochoro vile vya udongo. Tukabeba maji kwa madumu, mimi na mume wangu, kutoka kwenye pikapu mpaka ndani, na jua la wiki ile lilikuwa limeamua kuja mapema. Mchanga ulikuwa ukiyanywa kabla hayajafika kwenye mizizi.

Falaji yenyewe pia ina mitende yake, ya wakfu, na zamu yake ni kila Jumanne. Ile ni mitende ya zamani, mikubwa, ikikosa maji mara moja haisikii. Wakil wa zamani alikuwa akimpa maji yale amtakaye, na hakuna aliyesema neno mbele yake. Basi Jumatatu jioni, kaka alipokuja kwenye kahawa, nilimwomba. Sikuomba kwa kuzunguka. Nilimwambia nipe nusu ya maji ya Jumanne, miche ya mama inakufa.

Mgombea fulani alikuwa akizungumza kwenye simu, kaka akaizima.

"Dada'angu, maji yale si yangu."

"Wewe si ndiye wakil?"

"Ndiyo maana nakwambia si yangu. Wakil ni mwenye kushika, si mwenye kumiliki. Wenye maji wakikutana Ijumaa baada ya sala, nitawaambia."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akamwambia, "Shemeji, mtende haungoji mkutano. Ukisubiri Ijumaa watakupa ruhusa ya kumwagilia kuni."

Kaka alisema anajua. Akasema amejaribu kuwaita mapema, amewapigia simu, lakini wakubwa wa wenye maji wako kazini Maskati na hawarudi mpaka mwisho wa wiki. Mume wangu akamuuliza kama hayo ndiyo aliyojifunza kwa Bwana Siwezi. Kaka alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaenda zake.

Nililia, sitaficha. Na nilisema maneno juu ya ndugu yangu ambayo sitayaandika, kwa sababu yeye hakuwapo kujitetea. Nilimwona amechukua mambo ya televisheni ya watu, ya nchi ambayo hana hata kura ndani yake, akayafanya fimbo ya kunipigia mimi. Labda nilikosea. Labda nilikuwa sawa kidogo. Kila nikilipima jambo lile mizani inahama.

Kutoka Jumanne mpaka Ijumaa tulibeba madumu asubuhi na jioni. Jumatano alasiri nilimkuta kaka mwenyewe shambani kwangu, kanzu ameifunga kiunoni, na madumu yake mawili. Alimwagilia huku, nikamwagilia kule. Umri ule, na goti lake lile bovu. Alipomaliza akasema mche wa mwisho umefungwa kamba kwa nguvu mno, akailegeza, akaondoka.

Mimi siingii sabla ya wanaume, kwa hiyo ya Ijumaa nayaandika kama alivyonisimulia mume wangu, aliyekwenda kusimama kwa niaba yangu. Namwamini kwa sababu alinisimulia hata yale yasiyompendeza. Kaka alieleza habari kwa maneno machache: mfereji ulikatika kwa wadi, zamu ya fulani ikapotea, wakfu una maji, wao waamue. Kisha akasema mwenye zamu ni dada yake, kwa hiyo yeye anatoka nje. Akatoka, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, karibu na viatu.

Ndani wakatazamana. Mume wangu akasema yake, na anavyosema alisema vizuri. Halafu aliyesimama ni yule mzee aliyesema habari za bahari. Alisema yeye miaka ile ya nyuma aliwahi kupoteza zamu kwa wadi, akaenda kwa wakil, akaambiwa hakuna, na wiki ile ile akayaona maji ya wakfu yanaingia shambani kwa mkwe wa wakil. Alinyamaza tangu siku hiyo, kwa sababu angesema nini? "Huyu," akasema, akionyesha mlangoni, "nilitegemea nimkamate. Nilikwenda Jumanne kulitazama shamba la dada yake. Kavu."

Wakakubaliana nipewe maji ya wakfu Jumanne inayofuata, yote, si nusu. Na wakakubaliana jambo jengine, ambalo mzee yule ndiye aliyelishikilia: kuanzia siku ile, yeyote ambaye zamu yake itakatwa na wadi, wakil ampe maji ya wakfu hapo hapo, asingoje mtu. Wakamwita kaka ndani kumwambia. Mume wangu anasema alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama ni kwa yeyote kweli, hata kwa wasiokuwa na jamaa kwenye sabla. Wakasema kwa yeyote.

Jioni ile walirudi wote wawili barazani, na nilidhani patakuwa na amani. Hapakuwa. Mume wangu alisema, basi si umeona, uwezo ule ulikuwa ukihitajika tangu siku ya kwanza, ungeutumia tu. Kaka akasema ndiyo, ulikuwa ukihitajika, lakini juzi angeuchukua mwenyewe na leo ni wao waliompa. Mume wangu akasema miche haijui tofauti. Nami namtetea hapo, kwa sababu ni kweli. Mitatu haikufika Jumanne. Ilikauka katikati, ukivuta jani la ndani linatoka mkononi lote. Kama kaka angefungua maji siku niliyomwomba, nadhani ingepona. Siwezi kuapa, lakini nadhani.

Mitano ilipona.

Yule gavana wa kaka alijitoa kabla hata majimbo mengi hayajapiga kura. Kaka alisikiliza hotuba yake ya kuaga mpaka mwisho, akasema alisema vizuri, na watu wa chama chake wana haki ya kumtaka mwengine. Mume wangu, nashukuru, siku ile hakumtania. Alimmiminia kahawa tu.

Lakini nataka kuandika habari ya Jumanne yenyewe, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Nilikwenda alfajiri, nikafungua mlango wa maji, yakaja. Yalikuja meusi kidogo kwanza, na majani makavu juu yake, kisha yakawa safi, yakatembea kando ya ukuta mche kwa mche. Nilivua viatu. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wakipita na majani ya mifugo vichwani. Mmoja wao ni mke wa yule mzee, ambaye katika miaka yote ya ujirani wetu salamu yake haikuwahi kuzidi neno moja. Alisimama. Akautua mzigo wake kwenye ukuta wangu, akauliza miche ni ya aina gani. Nikamwambia khalas, ya mama yangu. Akasema mama yangu alikuwa akimpa tende zake za kwanza kila mwaka, naye akidhani shamba mimi nimelinunua; hakuna aliyemwambia kwamba mimi ndiye mwanawe.

Nikifikiri sasa, kama yangekuwa maji ya Jumanne ya kwanza, yale niliyoyalilia, ningeyafungua huku nikitazama njia kama mwizi, na mwanamke yule angepita na neno lake moja. Kwa hilo namshukuru kaka yangu, na nilimwambia siku ile ile, kwa njia yangu, nikampelekea mkate wa kumimina bado wa moto. Namshukuru na mume wangu pia, aliyebeba madumu bila kukubaliana na kaka hata siku moja. Yule mwanamke alivua kandambili zake, akaingia majini upande wa pili, akaanza kuzibua kwa mguu pale ambapo mchanga ulikuwa ukiyazuia.